"Mama, ngapi?"

Tukiingia mahali pageni, hata kabla ya salamu, binti yangu huuliza: "Mama, ngapi?" Natoa mkobani kipimo cha mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana ya jua na ya baadhi ya taa, nakielekeza dirishani, kisha kwenye taa, namsomea namba. Ikiwa sifuri, anavua kofia yake yenye kinga ya uso. Ikizidi, haivuliwi, nami naomba mapazia yafungwe, wenyeji wanune wasinune.

Ana zeroderma pigmentosamu, ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi isihimili mionzi hiyo; nyumbani twaita XP. Tulichelewa kujua kwa sababu hakuwahi kubabuka kwa jua. Kumbe karibu nusu ya wenye XP hawaungui kupita kawaida. Dalili yake ilikuwa vidoa usoni, vilivyomtoka kabla hajatimiza miaka 2. Watu walisema vinampendeza. Nami nikakubali, tena kwa furaha.

Mionzi ya urujuanimno huzifanya herufi mbili jirani za DNA, maelezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, kung'ang'aniana. Mwilini mwangu, vimeng'enya hukikata kipande hicho na kujaza pengo, wala sihisi kitu. Mwilini mwake ukarabati huo una hitilafu, na madhara hurundikana. Kabla ya umri wa miaka 20, hatari ya wenye XP kupata saratani ya ngozi ni takriban mara 10,000 ya watu wengine. Daktari wa ngozi Moritz Kaposi aliwaeleza wagonjwa hawa katika miaka ya 1870, lakini chanzo kilisubiri hadi 1968, mwanasayansi James Cleaver alipoonyesha kwamba seli zao hazikarabati DNA iliyoharibika.

Linaloniuma hadi leo ni dirisha. Nilikuwa nikimkalisha hapo achore, nikiamini aliye ndani yuko salama. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno wa aina B. Ule wa aina A hupenya. Sasa vioo vyetu vina utando wa kinga, na kwa kuwa hapigwi na jua, vitamini D anaipata kwa matone.

Mama mkwe aliuliza ugonjwa umetoka ukoo gani. Kote kuwili, mama. Mimi na mwanao tulibeba jeni moja moja yenye kasoro, wazima kabisa, na kila mimba ilikuwa na nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuwa na XP. Hakuuliza tena.

Juzi usiku binti yangu alitaka kujua mwezi una ngapi. Nikatoka, nikapima. Sifuri. Akagoma kurudi ndani.