Koini zimegoma
Wasee, juzi tumekwama jam hapo Pangani, mtoto wa sista ananionyesha koini za gemu yake zimegota 2147483647 na haziongezeki, analia ati simu imeharibika. Mimi nacheka juu hiyo namba naijua! Ni 2 thelathini na moja zikizidishwa pamoja (2×2×2...) halafu utoe 1, ndio namba kubwa zaidi inaingia kwa biti 32 (nafasi za 0 au 1 kwa kompyuta), moja ikishikilia alama ya hasi, na bado ni namba tasa. Euler, yule mwanahesabu, aliithibitisha 1772 akiwa karibu kipofu, hakuna kalkuleta manze. Aliona kigawanyo tasa chochote cha hiyo namba, ukikigawa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63, so hakuhangaika na tasa zote hadi 46,340 (karibu kipeo cha pili cha hiyo namba), alijaribu chache tu. Mtoto ananiuliza kama Euler anaweza mwongezea koini.