Nilivyochagua mabafle ya kusimama hapa Lubumbashi

Nilichokuwa natafuta ni mi-solo. Rumba yetu ina gitaa tatu juu ya besi: moja inasindikiza, solo inapanda juu na kuimba, na katikati yao kuna mi-solo inayozunguka, inajibu, inajaza. Sebene ikianza, ile sehemu ya kasi ya kucheza, mi-solo ndiyo inayokutoa kwenye kiti. Mabafle yangu, yaani spika, yale madogo ya juu ya rafu yalinipa solo na sauti za waimbaji vizuri tu, lakini gitaa mbili zilizobaki zilishikana zikawa kitu kimoja, na besi ukawa unaikisia. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Mabafle mengi ya rafuni huanza kuishiwa nguvu kabla ya kushuka hata chini ya 60.

Sahani za santuri nilizo nazo ni za marehemu papa, alizikusanya moja moja miaka yake ya kazi Gécamines, kampuni ya migodi. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, nami nikawa najiuliza urithi gani huo ninaousikia nusu. Basi nikaamua kutafuta mabafle ya kusimama, yale marefu ya sakafuni, na yawe okazyo, yaani yaliyokwisha kutumika, kwa sababu mapya ya daraja hilo mshahara wa duka la dawa hauyafikii.

Watu wengi huanza na bafle. Mimi nasema anza na ampli uliyo nayo, ile mashine inayoyapa mabafle nguvu. Yangu ni NAD 3020, ile ndogo iliyotoka mwaka 1978, wati 20 kila upande. Wati 20 zinatosha sana kwa salon ya familia, ila zinakulazimisha kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: bafle hili linatoa desibeli ngapi likipewa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja? Kila desibeli 3 unazokosa hapo, ampli inatakiwa kutoa nguvu mara mbili ili kuzifidia. Kwa hiyo bafle la desibeli 84 linadai wati 80 ili lifike pale ambapo bafle la desibeli 90 linafika kwa 20. Ukiilazimisha ampli ndogo ipige kuliko uwezo wake, sauti inakatwa kichwa, na twita, zile spika ndogo za sauti za juu, ndizo zinazoungua kwanza. Ampli dhaifu inayosukumwa mpaka mwisho huua twita, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka waone. Nikajiwekea mpaka: chini ya desibeli 88 sinunui, hata bafle liwe zuri namna gani. Na vibandiko vya «wati 2000» vilivyo kwenye mabafle ya baa za Kamalondo havikuambii lolote kuhusu hili. Wati za bafle ni kiasi linachoweza kuvumilia, hazisemi litaimba kwa nguvu kiasi gani.

Vitu vya Ulaya huku kwetu vinafika kwa kontena, vimepitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, vinashushwa kwenye madepo: friji, baiskeli, magodoro, na nyuma kabisa mabafle yamepangwa kama watu wanaongoja basi. Depo moja kule Kampemba lilikuwa na JBL mbili kubwa, zinanifika kifuani. Muuzaji, papa mmoja mpole wa makamo, akaniambia:

«Mama, haya ni ya Marekani. Chukua, hutajuta.»

«Papa, naomba tutoe kitambaa cha mbele kwanza.»

Tukakitoa. Wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito, ilikuwa safi, na koni yake inayotetemeka haina tundu. Nikaweka ncha ya kidole kwenye ule ukingo unaoishikilia koni na fremu. Kidole kikaingia. Ukingo ulikuwa wa sponji, umegeuka kahawia, unanata kidogo, na ukiusugua unabaki unga kwenye ngozi. Sponji hiyo huoza yenyewe kwa hewa, joto na unyevu, baada ya miaka kumi na tano au ishirini hivi, hata kama bafle limefungiwa kabatini halijawahi kupigwa. Hapa kwetu mafundi huibadilisha kwa kitambaa au kwa ngozi laini iliyokatwa kwa mkono. Naheshimu mikono yao, lakini kitambaa kigumu kinaibana koni isitembee, na besi ya chini ndiyo inayopotea, yaani kile kile unachonunulia bafle kubwa. Ukiwa na ndugu Ubelgiji wa kukuletea ukingo sahihi pamoja na gundi yake, JBL kama zile ni mali, zitengeneze. Mimi sina. Nilitaka ukingo wa mpira, kwa sababu mpira huvumilia miaka mingi zaidi.

Nyuma ya friji kulikuwa na B&W mbili, DM603, koni za Kevlar zile za manjano ambazo kampuni hiyo ya Worthing, Uingereza, ilijulikana nazo kwa miongo. Ukingo ni mpira, laini, unarudi ukiubonyeza. Zina desibeli 90. Papa akaniambia wazi kwamba ameshusha bei kwa sababu twita zote mbili zimekufa: sauti nzito inatoka, juu kimya.

Twita mbili kufa kwa pamoja, na wufa zikiwa nzima, inawezekana. Lakini ukikutana na hali hiyo, geuza bafle uangalie nyuma kabla ya kuamini. DM603 zina skrubu nne za waya, mbili za juu na mbili za chini, ili anayetaka apitishe waya mbili tofauti. Asiyetaka anaacha vile vibati viwili vya chuma vinavyounganisha juu na chini. Vibati havikuwepo, labda vilibaki kwa mwenyewe huko zilikotoka. Waya wa papa ulikuwa umefungwa chini tu, kwa hiyo twita hazikuwa zinapata kitu. Nikamwomba waya wa shaba, nikakata vipande vinne vifupi, nikaunganisha nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Tukawasha. Matoazi yakatoka pande zote mbili.

«Papa, twita ni nzima.»

Akacheka, akaongeza dola thelathini kwenye bei. Nilizitoa. Kitu chake kilikuwa kizima, na mimi nilikuwa nimeshapata nilichokuja kutafuta.

Hata hivyo sikulipa palepale. Nilisukuma kila koni taratibu, vidole vikiwa pande mbili za kifuniko cha katikati, nikisikiliza kama koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inakwaruza ndani. Koili iliyowahi kuungua hukwaruza, na hiyo usinunue. Nilikuwa na multimita, kipimo cha umeme: kwenye bafle lililoandikwa omu 8, skrubu za chini zikupe kati ya omu 5 na 7 hivi. Kwenye skrubu za juu, mara nyingi mita haitaonyesha njia hata twita ikiwa hai, kwa sababu kapasita iliyo ndani ya bafle inauzuia umeme wa betri ya mita; hapo tumia sikio, bafle moja baada ya lingine. Kwenye simu nilikuwa na mlio unaopanda polepole kutoka hezi 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde, kwa sauti ya chini. Mlio huo unafichua mtetemo wa skrubu iliyolegea na tundu la hewa lisilotakiwa. Mwisho nikapapasa chini, pembeni mwa msingi, kwa maana makasha haya ni ya mbao za unga wa kubana, na yakikaa kwenye maji, kontenani au kwenye mvua zetu za kuanzia Novemba, yanafura na kumeguka. Bafle lililofura miguu silitaki hata bure. Mikwaruzo ya rangi sikuijali.

Nyumbani sakafu ni vigae, kuta ni tofali tupu zilizopigwa plasta, na chumba kama hicho kinarudisha kila kitu usoni. Ukiyabana mabafle kwenye kona, besi inavimba na mi-solo inazama tena. Niliyavuta sentimita chache chache huku sahani ileile inazunguka, mpaka gitaa la kusindikiza likasimama kushoto, solo ikaenda kulia, na mi-solo ikapata mahali pake kati yao. Mkeka mnene sakafuni na pazia nzito dirishani vilisaidia kuliko nilivyotegemea. Ampli inapita kwenye stabilizateri, kifaa cha kutuliza umeme, na umeme ukikatika tunachomoa waya ukutani, kwa sababu unaporudi unarudi kwa kishindo, na kishindo hicho kinaweza kupita moja kwa moja hadi kwenye wufa.

Kwa sasa yako sentimita 60 kutoka ukutani na mita 2 kati yao. Mume wangu anataka meza ya televisheni ikae katikati. Tumekubaliana iwe fupi, isipite magoti, na isisogee mbele ya mabafle.