Kufungasha mchezo wa bao: kutoka folda ya dogo hadi Debian, FreeBSD na flashi za Mwanjelwa

Mchezo wenyewe ni mdogo: bao la kete 64, safu nne za mashimo manane manane, unacheza na kompyuta au na mtu aliyekaa pembeni yako. Mdogo wangu ameuandika kwa lugha ya C na SDL2, maktaba ya kuchorea picha na kupigia sauti, akaupa leseni huria ya GPL toleo la 3 na kuuita Kete. Kwenye mashine yake pale Iyunga, hapa Mbeya, unafanya kazi vizuri tu. Yeye anaandika, mimi nafungasha. Maana yake naandaa vifurushi ili mtu anayetumia mfumo endeshi huria, iwe Debian au Fedora za Linux, au FreeBSD, aandike amri moja, mchezo ujisakinishe na menyu iuonyeshe, bila kunipigia simu.

Mei

Nimeanza na Debian. Ndiyo iliyo kwenye mashine yangu, halafu ina kanuni kali, na mimi napenda kukaguliwa mapema kuliko kukaguliwa baadaye. Ndani ya folda ya `debian` kuna `control` inayotaja mchezo unategemea nini, `rules` inayoeleza namna ya kuujenga, `changelog`, na `copyright` ambayo nitairudia kwa sababu ndiyo iliyonitoa jasho.

Kifurushi kimekuwa viwili. `kete` ina programu yenyewe, na hiyo inajengwa upya kwa kila aina ya prosesa. `kete-data` ina picha na sauti, imeandikwa `Architecture: all`, inajengwa mara moja na kutumika kwenye mashine zote. Ukizichanganya, seva za Debian zitabeba nakala ya picha zilezile kwa kila aina ya prosesa. Mtu anayenunua bando anaelewa haraka kwa nini hilo ni jambo la aibu.

Jengo la kwanza kwenye `sbuild`, zana ya Debian ya kujengea vifurushi, limekufa katikati. Hati ya kujengea ilikuwa inaenda intaneti kuchukua fonti, na chumba cha kujengea cha Debian hakina intaneti, kwa makusudi. Fedora nao ndivyo walivyo. Fonti tumeiondoa kabisa, mchezo sasa unategemea fonti ya DejaVu kutoka kwenye vifurushi vya mfumo wenyewe.

Kisha alama za washindi. Mchezo ulikuwa unaziandika kwenye folda yake wenyewe, ambako mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Enzi za Unix ya zamani alama zilikaa `/var/games` chini ya kundi la `games`, watu wote wa kompyuta moja wakashindana kwenye orodha moja. Wazo tamu, hasa kwa bao, ila linahitaji programu ipewe ruhusa za ziada, na sioni sababu ya kumpa mchezo ruhusa hizo. Tumezipeleka `~/.local/share/kete`, kila mtu na zake.

Juni

Leseni. Watu wakisikia kufungasha wanadhani shida ni kompaila, yule anayegeuza msimbo kuwa programu. Kompaila analalamika, unamjibu, yanaisha. Faili la `copyright` linataka kujua kila picha na kila sauti imetoka wapi, ni ya nani, na ameruhusu nini.

Msimbo ulikuwa safi. Picha za ubao alipiga dogo mwenyewe kwa simu. Sauti ya kete ndiyo ilikuwa imepakuliwa, na leseni yake ni ya Creative Commons yenye sharti la kutotumika kibiashara. Mtu wa kawaida ataona hiyo ni leseni ya hisani. Debian hawaioni hivyo: mwongozo wao wa programu huria unataka mtu yeyote aruhusiwe kuuza na kutumia kwa shughuli yoyote. Hata kijana wa soko la Mwanjelwa anayejaza michezo kwenye flashi kwa jero awe na haki hiyo. Kwa sauti moja ya nusu sekunde, `kete-data` nzima ingetupwa kwenye `non-free`, kapu la vitu visivyo huria.

Dogo alitaka kubishana. Mimi niko upande wa Debian hapa, tena bila kusitasita. Yule kijana wa flashi ndiye atakayeufikisha mchezo huu mbali kuliko seva yoyote.

Basi tukaenda kurekodi wenyewe, kwenye kijiwe cha bao nyuma ya soko.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Mnacheza au mnaangalia?”

Dogo akaeleza kwamba tunataka sauti ya kete tu, za kuweka kwenye kompyuta.

“Rekodini. Ila nikifungwa msirushe.”

Kurekodi komwe kuna mambo yake. Komwe ya kwanza ikiangukia shimo tupu inagonga mti: sauti kavu, fupi. Ya nne au ya tano inaangukia wenzake, sauti inakuwa nzito na ya chini. Na mchezaji akikomba shimo lote kwa mkono mmoja kuna mkwaruzo ambao hakuna sauti ya kupakua iliyokuwa nao. Tatizo ni bajaji, kila rekodi ina honi. Ilibidi tumwombe mzee atukubalie asubuhi, soko halijachangamka, na asubuhi ya Juni hapa Mbeya vidole vinakufa ganzi kwa baridi. Mzee alikuja na koti zito, akagonga kete tulivyomwomba, huku anatukosoa kwamba kompyuta yetu inasambaza kete kwa pupa. Ni kweli. Dogo amepunguza kasi.

Sauti zote sasa ziko chini ya CC BY-SA 4.0, leseni ya Creative Commons isiyokataza biashara, na mchezo unachagua sauti kufuatana na idadi ya kete zilizomo shimoni.

Fedora ilikwenda haraka. Faili moja la `spec` lenye maelezo yote ya kujengea, data imetengwa kama `noarch`, na wao hawana habari na `/usr/games`, folda ambako Debian huweka michezo: programu inakwenda `/usr/bin` kama programu nyingine yoyote. Wametaka faili la maelezo la kuwekwa `/usr/share/metainfo`, nimeandika.

Julai

FreeBSD. Huku ndiko mambo ya njia za faili yalikoibuka yote. Dogo alikuwa anajua mchezo uko wapi kwa kusoma `/proc/self/exe`, halafu anahesabu folda ya data kutoka hapo. Linux wanayo. Kwenye FreeBSD `/proc` haijaunganishwa mpaka mwenye mashine aamue, hivyo mchezo ulifunguka na ubao mweusi usio na kete hata moja. Zaidi ya hapo, huko chochote kisicho sehemu ya mfumo wenyewe kinakaa chini ya `/usr/local`.

Tiba ni kuacha kubahatisha: Meson, zana tunayojengea mchezo, inaambiwa njia ya data wakati wa kujenga, nayo inaiandika ndani ya programu. Debian inasema `/usr/share/games/kete`, Fedora `/usr/share/kete`, FreeBSD `/usr/local/share/kete`, msimbo uleule. Baada ya hapo `make check-plist`, amri ya FreeBSD inayokagua orodha ya faili za kifurushi, imekubali bila neno.

Nikafurahi, nikahamia AppImage, na ile tiba ikageuka ugonjwa. AppImage ni faili moja linalobebwa kwenye flashi na kufunguka karibu kwenye Linux yoyote, na likifunguka linajipachika kwenye folda ya muda chini ya `/tmp` ambayo jina lake hubadilika kila mara. Njia ya kudumu haina maana humo. Tumemalizana hivi: mchezo kwanza unatazama kigeu cha mazingira `KETE_DATA`, kisipokuwepo unatumia njia iliyoandikwa wakati wa kujenga. Hati ya kuanzishia ya AppImage ndiyo inayoweka kigeu hicho.

Jambo jingine la AppImage: jenga kwenye mfumo wa zamani. Ukijenga kwenye Debian 13 yenye glibc 2.41 (glibc ni maktaba ya msingi ambayo programu za C hutegemea), mashine ya zamani inaweza kukukatalia kwamba toleo la glibc halikupatikana. Mimi najengea kwenye Debian 11, yenye 2.31.

Flatpak, namna nyingine ya kufungashia programu za Linux, nimeahirisha. Siyo ngumu, faili moja la maelezo linatosha na kila kitu kinakaa chini ya `/app`. Ila kupakua msingi wake ni mamia ya megabaiti, na hiyo inasubiri bando la usiku.

Agosti

Maabara ya shule moja huku Uyole ina kompyuta kuukuu za biti 32. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo, kwa hiyo zinabaki na Debian 12. Nimejenga kifurushi cha `i386` na mchezo unakimbia bila shida.

Kilichokwama ni mchezo uliohifadhiwa. Mwanafunzi alianza nyumbani kwenye biti 64, akaleta faili kwa flashi, mashine ya shule ikamwonyesha ubao wa ajabu wenye kete zaidi ya elfu. Msimbo ulikuwa unaandika namba za aina ya `long` moja kwa moja kwenye faili: baiti nane nyumbani, nne shuleni. Sasa ni `int32_t` kote, baiti nne kwenye kila mashine.

Hali ilivyo leo: ombi la kuingiza Kete Debian limetumwa, natafuta mdhamini wa kukipakia kifurushi, kwa kuwa mimi si mwanachama. Port, yaani maelezo ya kujengea kifurushi cha FreeBSD, iko kwenye foleni ya kukaguliwa. `lintian`, mkaguzi wa vifurushi vya Debian, bado inanidai ukurasa wa mwongozo wa sehemu ya 6, ile ya michezo. Wa Kiswahili nimeumaliza na unakwenda `/usr/share/man/sw/man6`, wa Kiingereza nimempa dogo aandike akimaliza mitihani. Kama una mashine ya Haiku, mfumo endeshi mwingine huria, inayotoa sauti vizuri, nijulishe, maana huko nataka mtu wa kujaribu kabla sijagusa chochote.