Kumtafuta Askofu Steere mashambani Lincolnshire

Nimekulia Mkunazini, mjini Unguja, na kwetu Muislamu kwa Mkristo anajua kwamba Askofu Edward Steere amezikwa nyuma ya altare ya kanisa kuu, pale palipokuwa soko la watumwa. Bibi yangu alikuwa akisema, "Mzungu yule alikaa na wazee wetu, akawasikiliza, akaandika." Swali lililonikaa kifuani kwa miaka mingi ni alikotoka. Maelezo mengi ya maisha yake yanapita mbio: aliwahi kuwa kasisi wa kijiji cha Little Steeping, Lincolnshire, Uingereza, kisha akaja Unguja. Basi! Sasa naishi Nottingham, na mwezi wa tano niliamka mapema nikapanda treni ya Skegness, nikateremka Wainfleet na kukodi teksi.

Nchi ile ni bapa kama sinia. Mitaro ya maji imenyooka kati ya mashamba, upepo unatoka baharini, na nyumba zimeachana. Kanisa la Mtakatifu Andrea ni dogo, la mawe, limezungukwa na makaburi yaliyoota kuvu hadi majina hayasomeki. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilikuwa na matumaini ya kitoto kwamba nitabisha hodi na kuonyeshwa daftari lake la ubatizo. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia maua kaburini aliniambia kwa upole, "Madaftari ya zamani hayakai hapa, mwanangu. Yako Lincoln."

Kumbe ndivyo yanavyotunzwa. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko, na sheria ya kanisa ya mwaka 1978 ikataka madaftari ya zamani yahamishiwe kwenye hifadhi ya nyaraka ya dayosisi, yasiozee makanisani. Ndiyo maana mtoto wa kibarua wa kijiji kama hiki anaweza kumfuata babu wa babu yake karne baada ya karne. Niliona wivu, nakiri. Ukoo wangu mimi ninaujua kwa kusimuliwa tu, na wasimulizi wanatutoka mmoja mmoja.

Kesho yake nilikuwa Lincoln. Nikatengenezewa kadi ya msomaji, nikaacha mkoba kwenye kabati, nikaingia na penseli tu, maana kalamu ya wino hairuhusiwi. Nikakalishwa mbele ya mashine ya kusomea filamu zenye picha za madaftari, nikazungusha taratibu mpaka miaka ya 1860.

Tangu mwaka 1813 daftari la ubatizo lina kurasa zilizochapwa tayari, watoto wanane kila ukurasa. Kuna safu ya tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi, makazi, kazi ya baba, na mwisho kabisa jina la aliyebatiza. Safu ya kazi ilikuwa kibarua, kibarua, mkulima, kibarua. Na pembeni kulia, kila mstari: Steere. Nilisogeza uso karibu na kioo. Herufi zake ni za haraka lakini zinasomeka. Hata kwa mtoto wa kibarua hakufupisha kitu. Watu wa Skegness, alikohudumu kabla, walimsifu kuwa mchungaji wa kukunja mikono ya shati, na mimi niliyaona hayo kwenye wino.

Kwenye daftari la ndoa nilikuta bwana harusi asiyejua kuandika amepiga alama ya X, na Steere ameliandika jina lake kuizunguka, nusu kushoto na nusu kulia. Hapo nilinyanyua penseli nikakaa kimya. Mkono huohuo, Unguja, ulikuja kuandika hadithi walizotoa wenyeji kwa vinywa vyao, zikachapwa mwaka 1870.

Rafiki yake William Tozer, kasisi wa Burgh le Marsh, parokia ya jirani, alipofanywa askofu wa Afrika ya Kati, Steere aliondoka naye. Walianzia upande wa mto Shire, kusini ya Ziwa Nyasa, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Nilizungusha filamu tena, polepole, mpaka nikafika mstari wa mwisho wenye jina lake. Mtoto wa kibarua. Mstari wa chini yake umeandikwa na mkono mwingine.