Siku Impreza Mpya Ilipoingia Gerejini

Mzee ndiye aliyelisikia kwanza. Sisi wengine tulikuwa tunabishana kuhusu mpira, vikombe vya chai mkononi, naye akainua kichwa kutoka kwenye boneti la mtu akasema, "Subaru hiyo. Lakini sauti imebanwa."

Ilikuwa Jumamosi ya baridi, Julai 2008, kwenye gereji moja ya Industrial Area, Nairobi. Wenye Subaru Impreza tulizoea kukutana pale mwisho wa wiki. Ukimuuliza mtu angekwambia amekuja kubadilisha oili au kukaguliwa breki, na huenda ikawa kweli, lakini tulichofuata hasa ni kuwa pamoja na magari yetu na kumsikiliza Mzee, fundi aliyekesha miaka mingi kwenye kambi za Safari Rally akifufua magari usiku ili yaondoke alfajiri. Mwanamke nilikuwa mimi peke yangu, wakaniita Dada. Gari langu lilikuwa WRX ya 1998, yaani Impreza ya kasi, saluni ya milango minne, buluu, rimu za dhahabu. Nililiagiza mtumba kutoka Japani baada ya kudunduliza mshahara muda mrefu. Wenzangu kazini walinunua viwanja, mimi nikanunua Subaru, na hadi leo sijajuta.

Aliyekuwa anaingia ni Daktari. Ni daktari wa meno, mtu mpole, mwenzetu wa siku nyingi. Alikuwa ameuza Impreza yake ya zamani na kuagiza WRX STI, kali kuliko WRX ya kawaida, mpya kabisa, ile iliyozinduliwa Japani Oktoba 2007. Picha tulikuwa tumeziona, na kwa kauli moja tulikuwa tumezikataa. Hata hivyo kila mmoja wetu, nadhani, alibakiza tumaini kwamba picha zimedanganya.

Lilipita getini tukalitazama kwa mbele. Rangi ilikuwa ileile, buluu ya Subaru. Tundu la hewa juu ya boneti lilikuwepo. Mashavu ya magurudumu yalikuwa yamevimba vizuri, pana kuliko zamani. Kwa nukta chache nilianza kulipenda. Kisha Daktari akalizungusha ili aegeshe, na tukaona nyuma.

Nyuma hakukuwa na kitu. Buti lilikuwa limeondoka, na bawa kubwa lililokuwa likikaa juu ya buti limeondoka nalo. Badala yake paliwekwa kibawa kwenye ukingo wa paa. Hachibeki, gari lisilo na buti la kujitokeza nyuma. Gari zima liliishia ghafla pale ambapo kwetu ndipo uzuri ulipoanzia.

Hakuna aliyesema neno mpaka injini ikazimwa.

"Wamelikata," akasema kijana mmoja mwenye saluni nyeupe.

"Hili la kupeleka watoto shule," akadakia mwingine.

Wa tatu, mtu mzima anayefanya kazi benki, akamwendea Daktari akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyofanya matangani, akamwambia, "Pole sana, Daktari." Naye hakuwa anatania.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango. Kwenye Impreza za kizazi cha kwanza na cha pili, kioo cha mlango hakina fremu. Ukifungua mlango, kioo kinasimama peke yake hewani, na ukifunga, ukingo wake unajibana kwenye mpira wa paa. Mlango unatoa mlio mwepesi, na kioo kinatetemeka kidogo kabla ya kutulia. Mtu asiyejua huona ni kasoro. Sisi tuliupenda mlio ule, maana ulikuambia uko ndani ya gari gani hata ukiwa umefumba macho. Nilivuta mlango wa Daktari nikakuta fremu nene imekizunguka kioo pande zote. Nikaufunga. Ulifunga vizuri sana, kwa mlio mzito wa gari la bei kubwa. Nikaufungua na kuufunga tena, nikitafuta kile nilichokijua, wala hakikuwepo.

Mtu wa nje anaweza kushangaa watu wazima kuhuzunikia buti na fremu ya kioo. Inabidi arudi Machi 1997. Mwezi huo Colin McRae, dereva wa Uskoti, alishinda Safari Rally kwa Impreza, na baba alinichukua twende tumwone. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Tulisimama kando ya njia ya vumbi tangu asubuhi, na watu wa kijiji kizima. Kwanza ilikuja helikopta, kwa sababu miaka ile timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya gari ili dereva atahadharishwe kuhusu ng'ombe na magari yanayokuja. Njia hazikufungwa, wananchi waliendelea kuzitumia. Baada ya helikopta tuliona vumbi, na baada ya vumbi tukasikia ngurumo nzito iliyokatikakatika. Halafu kikapita kitu cha buluu chenye maandishi ya njano, bomba la kuvutia hewa limesimama wima ubavuni mwa kioo cha mbele ili kiweze kuvuka mito, na kokoto zikatupiga miguuni. Baba alinishika bega akapiga kelele kama kijana. Sikuwahi kumwona hivyo kabla.

Mwaka 2000 Richard Burns aliishinda tena Safari kwa Impreza, na Juha Kankkunen akamaliza wa pili kwa Impreza nyingine. Baina yao tulikuwa na wetu wa nyumbani, Patrick Njiru, ambaye watoto wa Kenya walimjua na Subaru yake kabla ya kuwajua mawaziri. Kisha mambo yakaanza kutoka mikononi mwetu. Baada ya 2002 Safari iliondolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia. Tarehe 15 Septemba 2007 McRae akafa kwenye ajali ya helikopta karibu na kwao, Lanark. Mwezi uliofuata tukaonyeshwa STI mpya isiyo na buti. Umbo alilotushindia lilikuwa ndilo lililobaki kwetu, nalo likaondolewa kabla hatujamaliza kumlilia. Sidhani mchoraji yeyote wa kule Japani aliwaza jambo hilo, wala silaumu. Nasema tu kilichokuwa vifuani mwetu tulipokuwa tumelizunguka gari la Daktari.

Na ile sauti? Mzee alikuwa sahihi. Injini ya Subaru hulaza pistoni ubavu, mbili kila upande. Kwenye magari yetu ya zamani mabomba ya moshi kutoka pande hizo yalikuwa na urefu usiolingana, kwa hiyo mapigo ya moshi yalifika kwenye tabo, feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, yakiwa yamepishana, na hapo ndipo ilipotoka ngurumo ile. STI za soko la Japani zilikuwa zimeshaanza kutumia mabomba yanayolingana miaka kadhaa kabla. Moshi ukafika kwa mpangilio, tabo ikaamka mapema zaidi, ngurumo ikapungua. Gari la Daktari lilikuwa na nguvu za farasi 308 kutoka injini ya lita 2, na liliunguruma kwa adabu. Yule kijana wa saluni nyeupe alimwomba alikanyage mafuta. Daktari akakanyaga. Kijana akatikisa kichwa akaondoka kwenda kukaa kwenye gari lake.

Mzee hakuwa amesema lolote tena. Aliwaacha waseme, akafuta mikono, akaagiza gari lipandishwe juu ya shimo. "Nyinyi mnatazama juu," alisema. "Mimi acha nitazame chini." Akashuka na tochi, na baada ya muda akaniita. "Dada, hebu njoo uone."

Nilishuka. Alimulika nyuma ya gurudumu. Kwenye gari langu pale pana shokamzoba moja ndefu inayobeba kila kitu, imesimama kutoka kwenye gurudumu hadi juu ndani ya bodi. Kwenye hili palikuwa na mkono wa juu na mkono wa chini, na gurudumu limeshikwa katikati. Aliweka kiganja chake kwenye tairi akakiinua kidogo kidogo kunionyesha: likipanda juu ya tuta tairi halilali upande, linabaki limekanyaga chini kwa upana wake wote. Kisha akanionyesha umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Ulikuwa umeongezwa zaidi ya sentimita 8 kuliko kwenye STI iliyotangulia, ilhali mwili wenyewe umefupishwa. "Hawa hawakukata gari," alisema taratibu. "Wamesogeza magurudumu yakaenda pembeni. Ungenipa hili 1997 ningelala usiku."

Tulipopanda juu tulikuta mabishano yamekolea. Yule wa benki, aliyekuwa ametoa pole, sasa alikuwa upande wa Daktari. Alikumbusha kwamba mwezi mmoja na kitu nyuma, kwenye Acropolis Rally ya Ugiriki, Petter Solberg, dereva wa timu ya Subaru, alimaliza wa pili kwa hachibeki hii ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza kushindana. Wapinzani wote wakubwa, Citroën C4 na Ford Focus, walikuwa hachibeki. Tufanyeje, tubaki na buti mpaka tushindwe na kila mtu?

"Basi tununue Citroën," akajibiwa. "Kama yote yanafanana, Subaru ya nini?"

Jibu lile lilinigusa, na bado naliona ndilo lililokuwa zito kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Mwenye gari la aina hii hanunui mwendo peke yake. Mwendo unapatikana kwingi. Ananunua kitu ambacho akikiona kwa mbali, gizani, kwa taa za nyuma tu, anajua ni cha kwao. Mzee aliwakumbusha kwamba mwaka 2000, Impreza ilipokuja na taa za duara, watu walilia vilevile, na haikupita miaka miwili na ushei uso ule ukabadilishwa. Aliyasema kuwatuliza, lakini mimi niliyapokea kama ushahidi wetu: walilia, wakasikilizwa. Na ndivyo ilivyokuja kuwa tena, maana mwaka 2010 STI ya saluni ilirudi sokoni, buti lake na bawa lake. Watu husema kilio cha siku ya kwanza ni ushabiki tu, kitapoa. Kinapoa, ndiyo. Lakini macho ya mtu aliyeishi na gari miaka kumi huona kwa dakika moja kilichoondolewa, hata kama bado hajui kilichoongezwa.

Mchana tuliondoka kwa msafara hadi Barabara ya Magadi. Tukapita Kiserian, tukafika Corner Baridi, pale ambapo barabara inaanza kushuka kwenda Bonde la Ufa na upepo unakupiga mlango usifunguke. Daktari alisimamisha gari akanitupia funguo. "Wengine watanidanganya," alisema. "Wewe endesha."

Nilijua kona zile kwa gari langu. Kuna moja ya kushoto ambako lami ilikuwa imemeguka katikati, na langu likifika pale lilikuwa likiruka nyuma kidogo, hivyo unanyanyua mguu, unasubiri litue, ndipo unakanyaga tena. Nilifika nayo nikiwa nimejiandaa. Gari la Daktari halikuruka. Lilimeza ule mmeguko, likashika, nami nikajikuta nimekwisha kanyaga mafuta kabla ya pale nilipozoea, usukani umetulia mikononi, bonde lote liko wazi mbele yangu. Niligeuza kile kitufe cha duara katikati ya viti, kinachobadilisha ukali wa injini, nikakiweka kwenye ukali wa mwisho. Likaitikia papo hapo. Nilikasirika, kweli nilikasirika, kwa jinsi lilivyokuwa zuri.

Tuligeuza chini karibu na Olepolos tukasimama pembeni. Daktari akaniangalia.

"Dada, sema ukweli."

"Ni bora kuliko langu," nikamwambia. "Kona ile hunipa taabu kila siku, hili limepita kama haipo. Na silitaki."

Hakuchukia. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "McRae alipopita ulikuwa na umri gani?"

Nikamwambia.

"Kijana wangu anakaribia umri huo. Kwenye lile la zamani alikuwa anakaa nyuma magoti yamegusa kidevu, mama yake akakataa kabisa kupanda. Hili anakaa vizuri, na juzi amekaa humo njia nzima hadi Nakuru akiniuliza maswali ya injini. Kwake Subaru ndiyo hii. Hiyo yako ataijua kwa hadithi."

Sikuwa na la kumjibu, nikamrudishia funguo. Wenzetu walikuwa wameshafika, wengine wameshuka, na yule kijana wa saluni nyeupe, aliyekuwa amesusa asubuhi, alikuwa amechuchumaa akipima kwa shubiri upana wa mashavu ya nyuma. Mzee alikuja akalizunguka gari mara moja zaidi akasimama kwenye gurudumu la mbele, akigonga rimu ya fedha kwa kidole.

"Hizi ndizo zinazoniudhi," alisema. "Buti siwezi kukurudishia, Daktari. Rimu ninaweza."

"Za dhahabu?"

"Za rangi gani nyingine? Lakini zisipungue inchi 17, la sivyo zitagonga breki."

Jumatatu jioni tulikuwa Kirinyaga Road, Mzee, Daktari na mimi, tunaingia duka moja tunatoka lingine. Za dhahabu zilikuwepo tele, ila nyingi zilikuwa na matundu matano ya nafasi ya zamani, ambayo haiingii kwenye STI. Mzee alizikataa moja baada ya nyingine kwa futi yake ya mfukoni, na wenye maduka wakaanza kutukwepa. Zilipatikana baadaye Mombasa, zikapanda kwa basi.