Tafakari ya Wiki: Falsafa ya Muuguzi Inayoonekana Kitandani

Somo: Luka 10:30–37

Wapendwa katika Bwana, wiki hii tunazungumza zaidi na wauguzi waliomo kati yetu, pamoja na wanafunzi ambao mapema au baadaye wataagizwa na walimu wao: andika falsafa yako binafsi ya uuguzi. Wengi huandika hivi: "Naamini katika kumhudumia mgonjwa kwa upendo, huruma na heshima, bila ubaguzi." Hakuna mwalimu atakayeikata sentensi hiyo. Shida yake ni kwamba haina pa kuishika. Muuguzi anayetoka zamu hawezi kuisoma akajua leo ameitimiza au ameivunja, na mgonjwa aliyelala kitanda cha tatu hawezi kusema kama ameiona.

Sasa soma jinsi Bwana anavyomjibu mwanasheria aliyeuliza jirani yake ni nani. Anamwonyesha mtu aliye kazini. Msamaria alimwona majeruhi, akamhurumia, akakaribia, akamfunga jeraha zake akizitia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka mpaka nyumba ya wageni, akamtunza. Siku ya pili akatoa dinari 2, akaagiza atunzwe, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Katika mistari hiyo mitatu, wa 33 hadi wa 35, huruma imetajwa mara moja. Yaliyobaki ni kazi ya mikono, miguu na mfuko. Kuhani na Mlawi nao walimwona yule mtu, tena vizuri tu, wakapita kando.

Wanaosoma uuguzi watakutana na nadharia za kujali. Jean Watson wa Marekani alichapisha yake mwaka 1979, yenye vipengele 10 vya utunzaji, na akaendelea kuiboresha kwa miaka mingi. Kristen Swanson, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alitoa ya kwake mwaka 1991. Aliijenga kutokana na tafiti juu ya wanawake waliopoteza mimba, watu waliowatunza vichanga mahututi, na akina mama vijana walioishi katika mazingira magumu. Swanson anataja michakato 5: kudumisha imani juu ya mtu, kumjua, kuwa pamoja naye, kumtendea, na kumwezesha. Kwa anayeanza, tunashauri aanze na Swanson. Watson ana kina kikubwa, lakini lugha yake huwavuta wanaoanza kuandika mambo ya angani wakasahau beseni la kunawia. Tena Watson amechota katika mapokeo mengi ya kiroho, si ya Kikristo peke yake. Chukua kilicho chema, kipime kwa Neno, wala usijione unalazimika kukubali kila kitu.

Tuanze na kumtendea, kwa sababu hapo ndipo waaminio tunapojidanganya kwa urahisi. Kwa Swanson, kumtendea ni kumfanyia mtu kile ambacho angejifanyia mwenyewe kama angeweza, kwa ustadi, huku ukilinda heshima yake. Simone Roach, mtawa wa Kanada aliyekuwa pia muuguzi, aliweka umahiri bega kwa bega na huruma katika orodha yake ya sifa za kujali. Naye Msamaria hakumimina alichokikuta mkononi: divai na mafuta vilikuwa tiba ya jeraha iliyojulikana siku zile.

Chukua upumuaji. Katika wodi nyingi ndicho kipimo kinachoandikwa bila kuhesabiwa. Utakuta chati nzima ina 18, 20, 18, 20, usiku na mchana, kwa wagonjwa wote, kana kwamba wanapumua kwa kupokezana. Njia sahihi haina siri: ukimaliza kuhesabu mapigo ya moyo, acha vidole vyako palepale kwenye kifundo cha mkono, usimwambie mgonjwa kitu, tazama kifua chake kikipanda na kushuka kwa sekunde 60 kamili. Akijua unahesabu, ataanza kupumua kwa kujipanga. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la pumzi 4. Na kwa kuwa upumuaji huanza kubadilika mapema hali inapozorota, mara nyingi kabla shinikizo la damu halijashuka, namba ya kubuni inaweza kuwanyima wenzako saa ambazo mgonjwa angeweza kuokolewa. Amri inayokataza kushuhudia uongo inaihusu chati ya wodini pia.

Vivyo hivyo na mikono. Kuisugua kwa kitakasa mikono chenye kileo ni sekunde 20 hadi 30; kwa maji na sabuni, zoezi zima huchukua sekunde 40 hadi 60. Sehemu zinazosahaulika ni dole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole. Glavu hazifuti wajibu huo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza husaidiwa kugeuka, kwa kawaida kila baada ya saa 2 au kadiri tathmini ya ngozi yake inavyoelekeza. Anainuliwa, haburutwi, maana kuburuta kunavuta ngozi upande mmoja na nyama ya ndani upande mwingine, na kidonda cha mgandamizo, yaani kile kinacholetwa na kulalia sehemu moja muda mrefu, huanzia huko chini kabla hakijaonekana juu. Angalia visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo kila unapomgeuza. Haya yasipofanyika, wimbo wa sifa uliouimba ukiingia zamu hautamsaidia mgonjwa wako.

Kumjua. Bartimayo alikuwa kipofu na kila mtu barabarani aliliona hilo, lakini Bwana alimuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" (Marko 10:51). Hakudhani. Wodini, kudhani hujificha nyuma ya utambuzi wa ugonjwa: "yule wa kisukari, kitanda cha 6." Vuta kiti, keti macho yenu yalingane, uliza maswali mawili: ni kitu gani kinakusumbua zaidi sasa hivi? Na kuna jambo gani tunapaswa kulijua ili tukuhudumie vizuri? Kisha nyamaza. Hapa wengi hushindwa. Ukimya wa sekunde chache unatuchoma, tunaanza kujibu wenyewe. Mara nyingi jibu la swali la kwanza si ugonjwa uliomleta, ni mtoto aliyeachwa nyumbani au haja ya kujisaidia anayoiona aibu kuitaja. Liandike kwenye faili na ulitaje wakati wa kukabidhi zamu, la sivyo atalazimika kulieleza upya kwa kila anayeingia. Maumivu nayo yaulizwe kwa kipimo cha 0 hadi 10, na swali lirudiwe baada ya dawa: takribani saa 1 kwa dawa ya kumeza, dakika 15 hadi 30 kwa iliyopita kwenye mshipa. Anayetoa dawa ya maumivu asirudi kuuliza ameifanya nusu ya kazi.

Kuwa pamoja naye hakudai muda mrefu kama tunavyojitetea. Dakika 2 za muuguzi aliyeketi zinazidi dakika 10 za aliyesimama mlangoni ameshika kitasa. Epuka "narudi sasa hivi". Sema "nitarudi baada ya dakika 20", na ukizidiwa mtume mwenzako akaseme.

Kumwezesha ni kumwandaa mgonjwa aishi bila wewe. Siku ya kuruhusiwa tunamweleza mambo 10 kwa pumzi moja, kisha tunauliza, "Umeelewa?" Naye kwa adabu anajibu ndiyo. Badala yake sema: "Naomba unielezee ukifika nyumbani utaitumiaje dawa hii, ili nijue kama nimeeleza vizuri." Mzigo unakuwa wako, si wake, na utashangaa yatakayotoka. Msamaria pia alijua kwamba hatabaki pale: alikabidhi, kwa maagizo na kwa fedha. Dinari 1 ilikuwa ujira wa siku ya kibarua (Mathayo 20:2), kwa hiyo aliacha ujira wa siku 2.

Kudumisha imani juu ya mtu kunahitaji uangalifu kwetu sisi waaminio. Swanson anamaanisha kuamini kwamba mtu huyu anaweza kupita katika jambo hili na kukabili siku zijazo zikiwa na maana, hata kama siku hizo ni chache. Hamaanishi kumwambia, "Utapona tu, Mungu ni mwema." Anayesikia hivyo, kisha hali yake ikashuka, hubaki na mzigo wa pili: pengine imani yangu ni ndogo. Tazama Eliya chini ya mretemu, akiomba afe (1 Wafalme 19). Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamgusa mara ya pili akisema, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mazungumzo mazito yalisubiri mpaka Horebu. Mpangilio huo ufuatwe: maumivu, maji, chakula, usingizi, nasaha baadaye.

Na maombi? Mgonjwa aliyelala na dripu mkononi hawezi kuondoka unapoanza kuomba, na anaweza kuogopa kwamba akikataa atahudumiwa vibaya. Kwa hiyo omba naye akikuomba, au umwulize kwa namna inayomruhusu kukataa. Akisema hapana, sauti yako na uso wako visibadilike. Akiwa wa dini nyingine, msaidie kumpata kiongozi wake wa dini. Kumwombea kimoyomoyo unaponawa mikono hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Sasa karatasi yenyewe. Ukurasa mmoja hadi miwili unatosha. Taaluma imezoea nguzo 4: mtu, mazingira, afya na uuguzi. Kwa kila nguzo andika ninachoamini, kisha kwa hiyo nitafanya nini, kisha mgonjwa ataonaje. Mfano wa nguzo ya mtu: "Naamini kila mgonjwa ameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27). Kwa hiyo nitavuta pazia kabla ya kumfunua, nitafunua sehemu ninayoihudumia tu, na asiye na fahamu nitamtajia jina langu na ninachotaka kufanya kabla ya kumgusa." Hiyo inaweza kukaguliwa na mtu yeyote aliyesimama pembeni. Kwa mazingira, Florence Nightingale alikwisha kusisitiza mwaka 1859 hewa safi, mwanga, usafi na utulivu. Zamu ya usiku ingefaidika kama tungeanza kwa kupunguza kicheko cha meza ya wauguzi. Kwa afya, jihadhari usiandike kana kwamba aliyepona ndiye pekee mwenye afya, ukawasahau wenye magonjwa ya kudumu na wanaokaribia kufa. Kwa uuguzi, kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi zinataja kukuza afya, kuzuia magonjwa, kurejesha afya na kupunguza mateso, na toleo la 2021 linataja pia kifo chenye heshima. Zitumie kama mipaka, lakini usizinakili.

Ukishaandika, ijaribu kwa wagonjwa wagumu: mlevi anayekutukana, mshukiwa aliyeletwa na polisi, anayekataa matibabu akiwa na akili timamu, asiyeweza kusema lolote. Sentensi isiyowafaa hao irekebishwe.

Kisha ijaribu kwa zamu yenye wagonjwa wengi kuliko mikono. Hapa tuseme wazi: Msamaria alikuwa na majeruhi mmoja. Falsafa ya kujali isitumiwe kumtwika lawama muuguzi aliyeachwa peke yake na wodi nzima. Andika kabisa ni yapi hutayaacha hata siku hiyo, machache yasiyoongeza muda: jina la mgonjwa, mikono safi, faragha, maumivu yaulizwe, ukweli kwenye chati. Na upungufu uripotiwe kwa maandishi kwa msimamizi wa wodi, siku ileile, ukitaja idadi ya wagonjwa na kazi zilizokosa kufanyika. Kunung'unika chumba cha chai hakuongezi muuguzi. Bwana mwenyewe, alipoona wanafunzi wake hawapati hata nafasi ya kula, aliwaita kando wapumzike kidogo (Marko 6:31). Mpango wa kupumzika una haki ya mstari wake kwenye karatasi yako.

Isome tena kila mwaka, na kila unapohamishiwa wodi nyingine. Chukua kalamu, na kwa kila sentensi jiulize: tangu niiandike, imewahi kunizuia kufanya jambo, au kunirudisha kitandani nilipokuwa nimeshachoka? Kama haijawahi, ifute uandike nyingine.