Mstari wa Paik umesimama, baada ya wiki tatu za giza

Umesimama! Mstari mmoja mweupe, wima, katikati ya kioo cheusi. Tangu jana saa mbili usiku haujazimika.

Chanzo ni Nam June Paik, msanii wa video mzaliwa wa Seoul. Mwaka 1963 alifanya maonyesho Wuppertal, Ujerumani, kwa televisheni alizozichokonoa mwenyewe. Moja ikafika mbovu, picha nzima imesinyaa ikawa mstari. Mwingine angeita fundi. Yeye akailaza ubavu, mstari ukasimama, akaipa jina la Zen, tafakuri ya Kibuddha. Nikajiambia, ubovu wa namna hiyo hata mimi naumudu. Kumbe!

Kuchomoa waya za koili ya wima, ile ya shingoni mwa kioo inayotandaza picha juu hadi chini, kwenye TV ya chogo ni dakika tano, ukishatoa chaji ya anodi, yaani umeme mkali unaobaki kwenye kioo. Mstari ukatokea. Sekunde moja, giza. Seti yangu si ya enzi za Paik: ina saketi ya ulinzi, ikihisi koili haifanyi kazi inakata picha ili mstari usiunguze fosfa, ule unga unaong'aa ndani ya kioo. Nikaweka rezista (kizuia umeme) yenye omu sawa na za koili. Giza. Nikaweka kubwa zaidi, ikatoa moshi. Giza tena, na harufu juu.

Dawa ilikuwa stoo, kwenye chogo lililokufa zamani. Nikang'oa koili yake, nikaiunga mahali pa ile niliyoichomoa, ikabaki inaning'inia nje bila kazi yoyote. Saketi ikapata mapigo iliyoyazoea, ikatulia. Mwangaza nimeushusha karibu na sifuri, la sivyo kioo kitabaki na kovu.

Wikiendi hii ilikuwa zamu ya TV Buddha ya 1974, ile ambayo sanamu inajitazama kwenye skrini kupitia kamera. Sanamu nimeshainunua. Itasubiri, kwa sababu koili ya shingoni sasa iko huru, na jana nikaiunga kwenye waya za spika za redio. Paik naye aliunga redio na televisheni palepale Wuppertal. Nikaweka rekodi ya gayageum, kinanda cha Korea cha nyuzi 12. Kila uzi ukidonolewa, mstari unaruka pembeni, unatetemeka, kisha unanyooka taratibu kama uzi wenyewe.

Nyuzi nene zinausogeza vizuri. Nyembamba hazionekani kabisa, kwa hiyo kesho natafuta amplifaya yenye nguvu zaidi.